Kituo cha watoto kambini kwetu: uwanja mzuri, choo mahali pabaya

Wazazi wenzangu mnaouliza kama kituo kipya cha watoto kinafaa: kinafaa, wapelekeni wadogo. Kuhusu mabinti wakubwa nina neno, nitalifikia. Mimi ni seremala, na wanangu wawili wanashinda pale mchana, kwa hiyo nimekikagua kwa macho ya mzazi na ya fundi.

Kilichonifurahisha zaidi ni uzio. Ni wa fito, unafika kifuani, na mtu akipita na ndoo anamwona mwanawe akicheza, na mtoto naye anamwona. Kuna waliodai mabati yazungushwe pande zote ili watoto wasitoroke. Nashukuru hawakusikilizwa. Mwenye nia mbaya na mtoto hutafuta penye maficho, na ukuta wa mabati ungemtengenezea. Nafasi kati ya fito na fito haifiki sentimita 9, na hapo nilijua aliyejenga anaijua kazi yake. Upenyo wa kati ya sentimita 9 na 23 ndio unaoua: mtoto anatanguliza miguu, kiwiliwili kinapita, kichwa kinanasa.

Chini ya bembea wamemwaga mchanga wa kina cha sentimita 30 hivi. Mchanga huo husambaa kila siku kwa miguu ya watoto, na nimewaona wahudumu wakiurudisha kwa reki kabla ya kufungua. Banda ni la nguzo na turubai, lina milango miwili inayotazamana, yote inafunguka kwa nje. Turubai likishika moto hakuna muda wa kusukumana mlango mmoja. Njia ya kiti cha magurudumu ipo pia, ila imepanda ghafla mno; kwa kila sentimita 10 za kwenda juu inatakiwa angalau sentimita 120 za urefu, na hii haifiki hata nusu yake. Mtoto mwenye kiti lazima asukumwe na mtu mwenye nguvu, wakati angeweza kuingia mwenyewe.

Wahudumu nawapa alama zote. Hawapungui wawili kwa kila kundi, mtoto habaki peke yake na mtu mzima mmoja, na kanuni zao za mwenendo zimebandikwa mlangoni kwa maandishi na kwa picha. Kuna mvulana wa jirani ambaye tangu wafike hapa alikuwa hasemi na mtu. Walimwacha akae pembeni na kipande chake cha kamba, mhudumu mmoja akawa anakaa karibu naye akisuka kamba yake mwenyewe, bila kumwuliza chochote. Sasa yule mtoto ndiye anayewafundisha wenzake mafundo. Vituo vya namna hii UNICEF ilivitumia mwaka 1999 kwa watoto waliokimbia vita vya Kosovo, na kwa ninavyoona, vikifanikiwa ni kwa watu wa aina ya mhudumu huyu. Banda lenyewe haliponyi mtu.

Sasa choo. Kimejengwa nyuma ya ghala, ambako hakuna jicho linalofika. Wavulana na wasichana wanatumia mlango mmoja, na komeo liko nje tu, ndani hakuna! Viwango vya Sphere, yaani vile vya kimataifa vya misaada ya dharura, kwa shule vinataka tundu moja kwa wasichana 30 na moja kwa wavulana 60, mbali mbali, na mlango ufungwe kwa ndani. Binti yangu habani haja bure. Anabana mpaka arudi nyumbani, na wenzake wengi wanafanya hivyo hivyo. Yaani uzio wote ule wa kuonekana, halafu mtoto anapelekwa penye maficho kila akihitaji haja. Hili linaniuma kuliko lolote.

Na mabinti wa miaka 13 na kuendelea hawapati nafasi. Wengi wanakuja na mdogo wao mgongoni, na mlangoni wanaambiwa mtoto wa chini ya miaka miwili haruhusiwi bila mzazi. Kanuni yenyewe ni ya haki, lakini inamrudisha nyumbani yule anayehitaji kupumzika kuliko wote. Mkeka mmoja kivulini na mama mmoja wa zamu vingetosha kuwapokea hao wachanga, dada zao wakacheza.

Kwenye kikao cha wazazi nimeyasema yote haya. Makomeo ya ndani wamekubali niyafunge mimi, mbao ninazo. Kuhamisha choo wamesema wanasubiri kibali, na nitaendelea kuwauliza.

Kinafunguliwa baada ya masomo na kufungwa kabla ya giza. Siku ya kwanza nendeni wenyewe, mkaandikishe majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, maana asiyekuwa kwenye daftari hapewi, hata akiwa shangazi.