Kifaa cha kupima presha ya misuli: kinunuliwe, ila sindano zake zisikosekane stoo

Kwa wodi ya mifupa inayopokea majeruhi wa barabara ya Morogoro na ya Singida, kama hii yetu hapa Dodoma, kifaa hiki ni cha lazima. Mimi ni muuguzi, nakishika usiku wakati daktari wa zamu yuko thieta na ndugu wa mgonjwa wamejaa mlangoni, kwa hiyo nitakisifia na kukilaumu nikitokea hapo.

Kwanza kazi yake. Misuli ya paja imefungwa katika vyumba vitatu, cha mbele, cha nyuma na cha upande wa ndani, na kila kimoja kimezungukwa na utando mgumu usiotanuka. Mfupa wa paja ukivunjika, lita moja ya damu, hata moja na nusu, inaweza kuvujia humo humo bila tone kuonekana nje. Uvimbe ukiongezeka juu yake, presha hupanda, vijishipa vya damu vinabanwa na misuli inaanza kukosa hewa. Ikipita saa sita hadi nane, misuli inakufa na hairudi. Sumu yake inakwenda kwenye figo, mkojo unatoka mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Tiba ni moja tu, kupasua ngozi na utando ili misuli ipumue. Na mapigo ya damu kwenye kifundo cha mguu yanaweza kuendelea kugonga vizuri wakati misuli ya paja inakufa, ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema "mapigo yapo, tusubiri asubuhi".

Mgonjwa mwenye fahamu atakuambia mwenyewe. Maumivu yake yanapita kiasi, dawa haishiki, ukinyoosha misuli anapiga kelele. Lakini kwenye paja kipimo hicho cha kunyoosha ni kigumu, kwa sababu kukunja goti ni kutikisa mfupa uliovunjika, na hapo kila mtu atalia. Na asiye na fahamu je?

Tulipokea kijana wa bodaboda kutoka upande wa Kibaigwa, paja limevunjika, kichwa kimeumia, haongei. Paja lilikuwa limekaza, linang'aa. Daktari alipima chumba cha mbele, kikasoma 46 (milimita za zebaki, kama presha ya damu). Presha yake ya damu ilikuwa 98 kwa 58. Toa 46 kwenye 58, ile presha ya chini, inabaki 12, na ikibaki chini ya 30 ni hatari. Alipelekwa thieta usiku ule ule, na misuli ilipofunguliwa ilikuwa bado nyekundu na inashtuka ikiguswa. Mguu wake anautembelea.

Baadaye akaja mzee wa Manyoni mwenye presha ya siku nyingi. Paja lake lilisoma 38. Kwa wale wanaopasua kila presha ya misuli inapopita 30, huyo alikuwa wa kisu. Lakini presha yake ya damu ilikuwa 150 kwa 96, kwa hiyo ilibaki nafasi ya 58. Alikuwa anaongea, maumivu yanatulia kwa dawa. Tulimwangalia kila saa, tukapima tena, namba ikashuka, hakupasuliwa. Hesabu hii ya kutoa presha ya misuli kwenye presha ya chini ya damu, na kuogopa tofauti ikiwa chini ya 30, ilipata nguvu kutokana na utafiti wa madaktari wa mifupa McQueen na Court-Brown wa Edinburgh mwaka 1996. Wao walipima miguu iliyovunjika muundi, lakini pajani pia ndiyo tunayoitumia. Angalizo moja: mgonjwa akishalazwa kwa dawa ya usingizi presha yake ya chini hushuka, hivyo tumieni ile ya kabla ya usingizi, la sivyo mtapasua paja lisilohitaji.

Matumizi yenyewe ni mepesi ukishafundishwa. Kifaa kinaenea kiganjani, kina skrini ndogo, sindano yenye tundu ubavuni, kichumba cha plastiki na bomba lililokwisha kujazwa mililita 3 za maji ya chumvi. Unaunganisha, unatoa hewa yote, unakishika kwa pembe ile ile utakayochomea, ndipo unabonyeza sifuri. Hapo kwenye pembe ndipo wanafunzi wengi wanapoharibu: wanaweka sifuri sindano ikitazama dari, halafu wanachoma kwa mlalo, namba inakuwa ya uongo. Ukishachoma, sukuma maji kidogo sana, yasizidi mililita 0.3, subiri namba itulie. Pima ndani ya sentimita tano kutoka palipovunjika, maana ukienda mbali presha inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Pima vyumba vyote vitatu. Misuli yenye afya, imetulia, haifiki 10.

Kuna njia ya zamani ya daktari Whitesides, ya mwaka 1975, ya manometa ya zebaki, mipira na bomba la sindano. Inafanya kazi, na kituo kisicho na fedha kisiidharau. Ila inataka watu wawili, povu dogo la hewa linavuruga kila kitu, na sindano ya kawaida isiyo na tundu ubavuni huelekea kusoma juu kuliko ukweli. Wenye chumba cha wagonjwa mahututi wanaweza kutumia mtambo unaopima presha ndani ya mshipa. Unasoma vizuri sana, lakini haubebeki hadi kitanda cha mwisho wodini.

Lawama zangu sasa. Sindano na kichumba ni vya mgonjwa mmoja, vikitumika vinatupwa, na bila hivyo mashine ni pambo la kabati. Imewahi kutokea tukawa na mashine nzima yenye betri mpya na hakuna pakiti hata moja stoo. Pili, kinakupa namba ya dakika ile tu, wakati paja linabadilika saa hadi saa, hasa baada ya kuvutwa kwa uzito au kuwekewa chuma. Mkono wa muuguzi lazima urudi pale.

Ndugu nao wanaogopa. Bibi mmoja aliniuliza, "Sista, mjukuu wangu kavunjika, tena mnamchoma palepale panapouma?" Nilikaa naye nikamweleza, akakubali. Huyo mjukuu alikuwa amefungwa mabanzi kwa kamba zilizokazwa kabla ya kuletwa, na kazi ya kwanza ilikuwa kuzikata zote na kuulaza mguu usawa wa moyo, bila kuupandisha juu ya mito, kabla hata ya kufungua pakiti.

Wanaoandaa bajeti: mashine moja inatosha wodi ya ukubwa wetu. Fedha ya mashine ya pili nunueni pakiti za sindano, na ziwekwe wodini mahali zamu ya usiku inapofikia bila kumtafuta mwenye ufunguo.