Duka la friji: bei nzuri, mzigo upo, ila wauzaji hawajafundishwa

Nimenunua friji juzi juzi kwenye duka moja kubwa la vifaa vya umeme hapa Dar, jina naliacha maana hili tatizo lipo maduka mengi tu. Kwa bidhaa sina neno, mzigo upo wa kutosha, bei zimebandikwa, na mzigo wanakuletea mpaka nyumbani bure. Shida ni wauzaji, na sio kwamba ni wakorofi, wana adabu sana, ila hawaijui bidhaa wanayouza.

Swali langu lilikuwa moja, hili friji linakula uniti ngapi kwa mwezi? Kwa sisi wa D1, lile daraja la umeme la wanaotumia kidogo nyumbani, hilo ndo swali lenyewe, ukibaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi kila uniti ni sh. 100 kabla ya kodi, ukivuka zile za ziada ni 350. Kijana akanijibu, "Dada hili halili umeme kabisa, ni inveta, hata umeme ukikatika linaendelea kugandisha." Jamani! Inveta kwenye friji ni kompresa inayopunguza spidi baridi ikishafika badala ya kuzima na kuwaka muda wote, ndo inavyookoa umeme, haina betri wala nini, TANESCO wakikata linazima kama mengine yote. Mtu akinunua kwa maneno yale samaki wakaja kumuozea atasema kaibiwa, na atakuwa na haki.

Na jibu lilikuwepo pale pale mlangoni kwa friji, ile stika ya rangi rangi imeandikwa 180 kWh kwa mwaka. kWh moja ndo uniti moja, gawa kwa 12 unapata uniti 15 kwa mwezi, joto letu la Dar litaongeza ila angalau una pa kuanzia. Nikamwambia yule kijana, "Mdogo wangu, hebu soma hapa," akapiga hesabu kwenye simu yake akashangaa kweli, kumbe yupo pale tangu mwaka jana na hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamweleza ile stika ni ya nini. Baadae kidogo akaja mzee na mkewe, nikamsikia anawasomea stika vizuri kabisa na kuwapigia hesabu. Yaani ilichukua dakika mbili tu!

Upande wa mashine za kufulia kuna dada kavaa tisheti ya kampuni, huyo anajua mpaka sabuni gani uweke na kwa nini. Ila ni promota, kampuni ndo inamlipa na kumpa semina, ukimuuliza mashine ya kampuni nyingine anakurudisha kwenye yake. Kwa hiyo duka limewaachia kampuni kazi ya kufundisha, na mteja anayetaka kulinganisha hana wa kumsaidia.

Kaunta nako, nilitaka risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, yenye TIN yangu, yaani namba ya mlipakodi, maana friji ni la biashara ya juisi, keshia akatoa bila TIN, hajui inawekwaje, tukasubiri supavaiza weee. Na vijana walioleta friji walililaza kwenye gari halafu wakataka kulichomeka hapo hapo, nikakataa, friji likilazwa unaliacha limesimama masaa kadhaa kwanza ili oili irudi kwenye kompresa.

Najua wenye maduka watasema tayari wanalipa SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi inayopigwa kwenye mishahara kwa mwenye wafanyakazi kuanzia 10, na sehemu yake inaenda VETA kwenye mafunzo ya ufundi. Sawa, lakini hiyo haitamfundisha kijana wako friji lililopo mbele yake. Wengine wanaogopa ukimfundisha anahamia kwa jirani, mi naona asiyejua anakula hela zaidi, mizigo inarudishwa, ugomvi wa waranti kila siku. Nusu saa asubuhi kabla hamjafungua, chukueni bidhaa moja, someni kile kitabu chake pamoja, mfundisheni na keshia kuweka TIN. Vijana wana akili na wanataka kujua, nimejionea.

Nawapa nyota 3 kati ya 5. Friji linafanya kazi vizuri na nitanunua tena hapo. Ukienda soma stika mwenyewe, na TIN itaje kabla keshia hajabonyeza chochote.