Huduma ya Saiba ya Kuchapisha na Kupakia Tathmini za CBC: Maoni ya Mwalimu wa Gredi ya 5

Kwa miaka miwili nimekuwa nikipeleka kazi za tathmini za Gredi ya 5 chini ya CBC, mtaala unaozingatia umilisi, katika saiba moja iliyo karibu na steji ya matatu mjini Kilifi. Walimu wengi wa shule za karibu wanaitegemea, hivyo naona inafaa niieleze huduma yake kwa kina, mazuri yake na kasoro zake.

Kazi yenyewe ni hii: mwalimu huingia katika lango la mtandaoni la Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, akapakua zana za tathmini na mwongozo wa kusahihisha, akachapisha nakala za darasa zima, kisha baada ya kusahihisha akarudi kupakia alama. Chini ya mfumo wa 8-4-4 uliotangulia CBC, ulioanza mwaka 1985, hatima ya mtoto wa shule ya msingi iliamuliwa na KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, na karatasi zake zilitufikia zikiwa zimekwisha kuchapishwa na kulindwa na polisi. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. KPSEA, tathmini ya kitaifa ya kumaliza shule ya msingi katika Gredi ya 6, ilipoanza mwaka 2022, tathmini za shuleni kama hizi zetu zilitengewa asilimia 60 ya matokeo na mtihani wenyewe asilimia 40. Kwa shule kama yetu, isiyo na printa inayofanya kazi, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kipimo hicho hupitia katika mashine ya dukani.

Ndiyo maana ubora wa chapa si jambo dogo. Mara ya kwanza nilipowapa kazi, mchoro mmoja wa Sayansi na Teknolojia ulitoka mweusi tii, na watoto wakashindwa kuzitofautisha sehemu walizotakiwa kuzitaja. Ningefuata mwongozo neno kwa neno, wengi wao wangeandikwa kuwa wako chini ya matarajio, ilhali kilichopungua kilikuwa wino wa duka na wala si ujuzi wao. Nilichora upya ubaoni na kuwapa swali lile tena. Nilipolalamika, mhudumu alinisikiliza kwa adabu, na tangu siku hiyo huchapisha nakala moja kwanza, tukaipitia pamoja ukurasa kwa ukurasa, ndipo anapoendelea na nyingine. Utaratibu huo pekee unanitosha kuisifu saiba hii.

Bei ni shilingi 5 kwa ukurasa. Kwa wanafunzi 62 na kurasa tisa, nililipa shilingi 2,790, fedha ambazo shule ililazimika kuzitafuta mahali pengine.

Sehemu ya kupakia alama ndiyo inayonitia wasiwasi. Duka hutoza shilingi 200 ili mhudumu aingize alama za darasa zima, na mwalimu aliyechoka hushawishika kumwachia orodha pamoja na nywila yake. Mimi pia niliwahi kumwachia orodha, ingawa niliingia mwenyewe kwa nywila yangu. Nilipoikagua kazi nikakuta alama za wanafunzi wawili wanaofuatana zimebadilishana nafasi: mmoja aliyefikia matarajio alionekana anakaribia tu. Kosa lilisahihishwa papo hapo kwa sababu nilikuwa nimesimama pale. Kama ningekuwa nimekwisha kuondoka, sijui ni nani angeligundua, kwa kuwa alama hizi hazina karatasi ya mtihani iliyohifadhiwa Nairobi ambayo mzazi angeomba isahihishwe upya.

Zaidi ya hayo, orodha za madarasa mengine huachwa juu ya kaunta, majina na namba za tathmini zikisomeka na kila anayesubiri fotokopi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawalinda watoto hasa, na duka linaloshika taarifa zao linapaswa kuzifunika, kuzirudisha, na kufuta mafaili kwenye kompyuta kabla mwalimu hajaondoka. Nimemwomba mwenye duka afanye hivyo, naye ameanza na kufuta mafaili.

Kwa uchapishaji, naipendekeza saiba hii bila kusita, hasa asubuhi kabla foleni haijafika mlangoni. Kwa upakiaji, lipia intaneti yao, kaa kwenye kiti, uingize alama kwa mkono wako, mwenzako akikusomea jina na kiwango cha kila mtoto.