Kununua Helmeti: Anza na Kioo, Rangi Itafuata

Helmeti yangu ya pili niliinunua kwa macho. Ilikuwa nyeusi isiyong'aa, nyepesi mkononi, ikinibana mashavuni inavyotakiwa, na muuzaji alinihakikishia mara tatu kwamba ndiyo inayotoka sana. Siku ya nne mvua ilinikuta barabarani baada ya magharibi. Niliteremsha kioo ili matone yasinichome machoni, na kabla sijahesabu hadi kumi pumzi zangu zilikuwa zimekifanya kioo kile cheupe kama maziwa. Taa za breki za lori lililokuwa mbele yangu zilitapakaa zikawa doa moja jekundu, nami nisingeweza kusema kama lori lile liko mita 40 au mita 10. Nilipofunua kioo mvua ilinichapa usoni, nilipokifunga ukungu ukarudi, na nikaendelea hivyo, mkono wa kushoto ukipanda na kushuka kama wa mtu anayefukuza nzi, mpaka nilipokata tamaa nikaegesha pembeni na kusubiri mvua ipungue.

Niliporudi dukani, muuzaji yule alinijibu kwamba ukungu ni kawaida ya helmeti zote na kwamba ningezoea. Si kweli. Ukungu ni kasoro yenye dawa, na dawa hiyo ama imo ndani ya sanduku siku unayonunua au haimo. Tangu siku ile sijanunua helmeti, wala sijamshauri ndugu anunue, kabla ya kukikagua kioo, na ndiyo maana orodha iliyo hapa chini nimeipanga kwa kigezo hicho karibu peke yake.

Yale ambayo kila mtu ameshakuambia nitayapitia haraka. Helmeti ikukae bila kucheza, na mkanda wa kidevuni ufungike. Alama ya usalama iwepo: ile ya ECE, kanuni ya Umoja wa Mataifa inayotumika Ulaya, ni herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali, kama E1 kwa Ujerumani au E3 kwa Italia, na namba ya kibali ikianza na 06 maana yake helmeti imepimwa kwa toleo jipya la kanuni, yaani 22.06. Herufi P inaonyesha kwamba sehemu ya kidevu imepimwa kama kinga, na NP kwamba siyo kinga. Alama ya DOT ya Marekani ni jambo jingine, kwa sababu huko mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe kwamba ametimiza kanuni, na stika yenyewe ni rahisi kuiga. Muuzaji anayekuonyesha stika hiyo kama hati ya kiapo anategemea kwamba hujui hilo. Uingereza ina mpango wa SHARP, ulioanza mwaka 2007, unaozipa helmeti nyota kuanzia moja hadi tano kwa uwezo wa kupokea kishindo. Yote hayo ni mema, lakini nyota hizo hazikuambii chochote kuhusu utakachokiona mvua ikinyesha usiku. Hata katika kanuni ya ECE kipimo cha ukungu si cha lazima; hufanywa pale mtengenezaji anapotaka kudai kwamba kioo chake kinazuia ukungu, na kioo hupimwa kwa sekunde 20. Mimi pumzi zangu haziishi baada ya sekunde 20.

Chanzo cha ukungu ni rahisi kueleza. Pumzi inatoka ikiwa na joto na unyevu, nacho kioo kimepozwa na upepo na mvua kutoka nje, kwa hiyo mvuke unapokigusa hugeuka kuwa vitone vidogo mno visivyohesabika. Kila kitone huutawanya mwanga unaokipitia. Mchana unaona kana kwamba umevaa shela, lakini usiku kila taa inayokujia inajaza kioo kizima, na ndiyo sababu watu wanaojaribu helmeti dukani saa sita mchana hawaigundui kasoro hii kamwe.

Zipo njia kadhaa za kupambana nao. Ya kwanza ni dawa inayopakwa kiwandani upande wa ndani wa kioo, ambayo hufanya kazi kioo kikiwa kipya na kupungua nguvu kila unapokifuta. Ya pili ni matundu ya hewa, ambayo yanasaidia unapokwenda kasi, ila unaposimama kwenye foleni au kwenye taa hayana upepo wa kuingiza, na hapo ndipo ukungu hupanda. Ya tatu ni kinga ya pua, kile kipande cha mpira kinachoelekeza pumzi chini. Ni kitu kidogo ambacho wengi hukitupa kwa sababu kinawasumbua puani, nami nakusihi usikitupe.

Ya nne, na ndiyo ninayoiamini, ni utando wa Pinlock. Huu ni kipande chembamba cha plastiki laini kinachonyonya unyevu, chenye ukingo wa silikoni pande zote, kinachobanwa kati ya pini mbili upande wa ndani wa kioo. Kati ya utando na kioo hubaki tabaka jembamba la hewa iliyofungiwa, kwa hiyo utando haupoi kama kioo kinavyopoa, na pumzi ikiugusa haigeuki vitone kwa urahisi. Utando huuzwa kwa madaraja, 30, 70 na 120, na namba ikiwa kubwa ndivyo unavyovumilia zaidi. Kuujaribu ni kazi ya dakika moja: vaa helmeti, funga matundu yote, teremsha kioo, kisha hema kwa kinywa mara tano au sita kwa nguvu. Ukiona fremu ya ukungu pembezoni na dirisha safi katikati, utando unafanya kazi. Ukiona ukungu mtupu, rudisha helmeti rafuni, hata kama rangi yake imekupendeza.

Sasa mpangilio wangu. Sijifanyi kuwa mwamuzi asiye na upande. Nina kampuni ninayoipenda na nitaitaja mwanzo.

Nafasi ya kwanza naipa Shoei, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1959. Sababu yangu kubwa haimo kwenye ganda wala kwenye sponji, imo kwenye mabamba madogo ya pembeni yanayoshika kioo. Yana springi, na kioo kinapofungwa springi hizo hukivuta nyuma hadi kigandamane na mpira wa ukingo kotekote, kwa hiyo maji hayapenyi kwa juu na kuteremka ndani kama machozi. Yanaweza pia kurekebishwa mpira unapochoka. Modeli zake nyingi, ikiwemo NXR2, huja na utando wa Pinlock sandukuni, na kioo hubanduka kwa kubonyeza tu, bila bisibisi na bila jasho. Kasoro yake ni bei, na bei ya kioo cha akiba nayo haina huruma. Nimeilipa na ningeilipa tena.

Nafasi ya pili ni Arai, Wajapani pia. Hawa wana imani yao kwamba ganda la nje linapaswa kuwa la mviringo laini lisilo na pembe wala mapambo yaliyochomoza, ili kichwa kiteleze juu ya kinachokigonga badala ya kukwama, na kwa hoja hiyo wako sawa. Wapo watu ninaowaheshimu wanaoiweka mbele ya Shoei. Mimi naishusha hatua moja kwa jambo dogo ambalo wao watalicheka: kubandua kioo kwenye modeli zake za zamani kunahitaji mazoezi na moyo, na mtu anayeogopa kukivunja kioo hatakibandua kukiosha, na kioo kisichooshwa upande wa ndani hushika ukungu upesi. Modeli mpya zimepunguza adha hiyo.

Ya tatu ni HJC ya Korea Kusini, inayotengeneza helmeti tangu mwaka 1971, na kwa mtu ambaye hawezi kuzifikia zile mbili ndiyo ningemwelekeza bila kusita. Katika safu yake ya juu, ile ya RPHA, utando mara nyingi umo sandukuni. Katika safu za chini kioo huwa na pini lakini utando hununuliwa peke yake, na sanduku linaweza kutofautiana soko hadi soko, kwa hiyo lifungue mbele ya muuzaji. Angalizo moja ni kwa modeli zenye kioo cheusi cha jua kinachoteremka ndani. Kioo hicho kiko karibu zaidi na pua, hakina utando, kinategemea dawa ya kupakwa tu, na nimeona waendeshaji wakilipia utando mzuri wa kioo cha nje halafu wakapofushwa na cha ndani. Jambo hili linazihusu kampuni zote zenye kioo cha aina hiyo, na Shoei yangu haina kinga nalo.

AGV ya Italia, iliyoanzishwa na Gino Amisano mwaka 1947, naiweka ya nne. Inasifika kwa upana wa kuona. Kwa modeli ya K6 kampuni inataja nyuzi 190 kutoka upande hadi upande. Upana huo ni mtamu mchana, ila kadiri dirisha linavyopanuka ndivyo utando unavyotakiwa kupanuka nao, na ukiwekewa utando usio mpana vya kutosha ukingo wake unakatisha pale hasa unapotupa jicho kabla ya kubadili njia.

Hapo pana jambo ambalo sijasikia muuzaji hata mmoja akilitaja. Ukaaji wako kwenye pikipiki ndio unaoamua ni sehemu gani ya kioo utakayotazamia. Anayeketi wima hutazama katikati, na utando wa kawaida unamtosha. Anayelala juu ya tangi kwenye pikipiki ya michezo hutazama kupitia sehemu ya juu kabisa ya kioo, na ukingo wa silikoni ukikatiza hapo, kila taa ya mbele inayokuja usiku itavunjika vipande viwili kwenye mstari ule. Kwa hiyo usiijaribu helmeti ukiwa umesimama wima mbele ya kioo cha duka. Inama, weka mikono kana kwamba umeshika usukani, inua macho bila kuinua kichwa, kisha uone kama mstari huo unakukatiza.

Helmeti za bei nafuu zinastahili sentensi chache. LS2 na MT zina modeli zenye pini na nyingine zenye utando kabisa, chagua hizo na utakuwa salama kuliko jirani yako. Helmeti isiyo na pini, ambayo kioo chake hakibanduki na hakina cha akiba, usiichukue hata ukipewa nusu bei.

Nusu bei yenyewe nayo ni mchezo. Neno linalowanufaisha wauzaji kuliko yote ni lile linalosema kwamba kioo kiko tayari kwa Pinlock, kwa sababu mnunuzi husikia kwamba Pinlock imo, kumbe wamemwambia tu kwamba kuna vitobo viwili na pini mbili. Utando atauziwa kando, na mara nyingi siku ya mvua, asipokuwa na la kubishana. Wapo wanaofanya vibaya zaidi: utando uliotoka kiwandani ndani ya sanduku wanauondoa, wanauweka kwenye kabati la kaunta, halafu wanamuuzia mwenye helmeti ileile kama kifaa cha ziada. Mimi nilikutana na sanduku lenye picha ya utando ubavuni, na ndani yake mfuko mtupu ambao gundi yake ilikuwa imeshafunguliwa. Nilipouliza, niliambiwa kwamba picha ni ya mfano. Mwingine alikataa nisihemee ndani ya helmeti kwa hoja ya usafi, ilhali nusu ya mji ilikuwa imeshaivaa na kuacha mafuta ya nywele kwenye sponji. Asiyekuruhusu kuhema ndani ya kitu utakachohemea kwa miaka mitano hana haja ya pesa yako.

Ukishaununua, uweke mwenyewe bila haraka. Kiweke kioo kwenye meza juu ya taulo, kikunjue kwa vidole hadi kilegee kidogo, pachika utando upande mmoja kisha mwingine, na hakikisha silikoni inaangalia kioo. Utazame kwa ubavu kwenye mwanga: mstari wa silikoni unapaswa kuonekana umegusa kote bila kukatika. Ukiona pengo, zungusha pini kidogo, kwani shina lake haliko katikati na kuizungusha kunaubana au kuulegeza utando. Maji yakionekana kati ya utando na kioo baada ya safari, ujue pengo lilikuwepo. Usiufute utando kwa kitambaa kikavu, kwa sababu ni laini na huchubuka. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, kisha uuache ukauke kwa hewa. Petroli, thina na dawa za kusafishia vioo vya dirisha zisikaribie kioo wala utando. Kwa asiye na utando leo, tone la sabuni ya vyombo lililopakwa na kufutwa hadi kioo kionekane kikavu litamfikisha nyumbani, lakini kesho yake atalazimika kupaka tena.

La mwisho kabla ya kuagiza utando wa akiba: kila kioo kina jina lake la modeli, na mara nyingi limechapwa kwa herufi ndogo pembeni, karibu na sehemu kinapoingia kwenye bamba. Liandike kama lilivyo, herufi na namba zote, kwa maana utando wa kioo kimoja mara nyingi haukai kwenye kingine hata kama helmeti zote mbili ni za kampuni moja, na muuzaji atakayekuambia kwamba zote ni saizi moja ndiye yuleyule aliyeniambia ningezoea.