Saudade katika darasa la Kireno, Kilimani

Anayetaka kupima madarasa ya jioni ya Kireno yanayotolewa na shule moja ndogo ya lugha mtaani Kilimani, Nairobi, namshauri asianze na ada wala cheti, bali aombe kuhudhuria somo la neno saudade. Neno hilo limezoeleka kuelezwa kwa mafumbo, kana kwamba Wareno na Wabrazili pekee ndio waliojaliwa kuhisi hamu kubwa ya mtu, mahali au wakati uliopita. Mwalimu wetu, mzaliwa wa Maputo, hakuifuata njia hiyo, na kwa hilo namsifu kwa dhati.

Alianza na matumizi. "Nina hamu ya kula wali wa nazi" na "nina hamu nawe" ni sentensi zinazotumia neno moja kwetu, lakini Kireno huzitenganisha: ya kwanza huchukua vontade, yaani kutamani jambo lijalo, na ya pili ndiyo yenye saudade, tenho saudades tuas, kwa sababu saudade hudai kwamba unachokikosa uliwahi kukijua na kukipenda. Mwenzetu mmoja alipouliza husemwaje watu wanapokutana tena, tuliambiwa kwamba Mreno huua saudade, matar saudades, kama anavyoua kiu, matar a sede. Sisi nasi hukata kiu na hukata hamu. Katika yote niliyojifunza hapo, ulinganifu huo ndio ninaouthamini zaidi, maana lugha mbili zilizokulia mbali zimeiona hamu kuwa jamaa ya kiu.

Palipotofautiana hakupaficha. Juu ya makaburi ya Wareno huandikwa eterna saudade, yaani saudade ya milele, ilhali sisi kwa kawaida hatusemi tuna hamu na marehemu. Tunasema ametuachia majonzi, au ameacha pengo. Tulisikilizishwa pia fado, muziki wa huzuni wa Lisbon, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2011, na morna, muziki wa aina hiyo wa Cape Verde, iliyofuata mwaka 2019, ingawa honi za matatu kutoka barabarani zilizifunika nyimbo zote mbili.

Historia ilipitiwa haraka mno. Wareno, walioanza kujenga ngome ya Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593, walituachia maneno meza, leso na gereza, na ningependa mwanafunzi wa Nairobi aelezwe hayo mapema ili ajue kwamba lugha hii si ngeni kwake kabisa.

Kasoro kubwa imo katika nakala tunazogawiwa. Karibu mifano yote ni ya Kibrazili, kama estou com saudades de você badala ya tenho saudades tuas, wakati wengi darasani wanajiandaa kwenda kufanya kazi Msumbiji, ambako Kireno rasmi hufuata zaidi desturi ya Ureno. Mwalimu huisahihisha kwa mdomo kila mara, lakini anayekosa kipindi hubaki na karatasi isiyomfaa, na shule inayotoza ada kamili ingepaswa kuwa imekwisha kuirekebisha.

Hata hivyo ningemshauri mtu ajiandikishe, mradi achague darasa la mwalimu huyu na kile kipindi cha Jumamosi asubuhi, barabara inapokuwa na utulivu kiasi cha nyimbo kusikika.