Kempa nzuri, ila mlango wake nusura uniulie mbwa

Nianze na sifa, maana nikianza na hasira sitafika huko. Kitanda cha ile kempa tuliyokodi, lile gari la kulala na kupikia humo humo, ni kitanda kweli, nimelala humo vizuri kuliko nyumbani kwangu Hamburg. Jiko linawaka mara moja, friji inagandisha, na asubuhi hita inapasha gari joto kabla hujatoa miguu kwenye shuka. Urefu, uzito na lita za tangi mtavikuta kwenye tovuti ya kampuni iliyotukodisha. Mimi nimekuja kuongelea mlango.

Kwanza mumjue Kashata. Ni mbwa wa kike, aliokotwa mitaani Romania akaletwa Ujerumani, kama wanavyoletwa wengi wa aina yake. Wengi wao wakishazoea nyumba ni watulivu mno, mchana kutwa wamelala. Ila hofu ya mtaani haiwatoki. Kitu kikilia ghafla hawabweki, hawang'ati. Wanatimua mbio, na wakishatimua hawasikii jina. Ndiyo maana Kashata anavaa hanesi, yaani mikanda ya mwilini badala ya kola ya shingoni, tena yenye mikanda mitatu, wa tatu ukipita nyuma ya mbavu, kwa sababu katika hanesi za kawaida mbwa mwoga hurudi kinyumenyume akachomoka. Mama yangu yuko Tanga, na kila nikimpigia huuliza kwanza kama yule mnyama bado analala ndani. Bado, mama.

Haya yote niliyaeleza siku ya kuchukua gari. Niliyaeleza taratibu, kwa Kijerumani changu cha sherehe. Kampuni inajitangaza kwamba inapokea mbwa, tena kwa mbwa inatoza ada ya pembeni, karibu euro 100, eti ya usafi. Nikamuuliza kijana wa mapokezi: mlango ukiwa wazi, huyu anazuiwa na nini? Akavuta ule wavu wa mbu, akaurudisha, akauvuta tena. "Fungeni wavu tu. Hatoki." Neno kwa neno. Mume wangu alikuwa pembeni, shahidi.

Mlango wenyewe ni wa kusukuma, ule ule wa Hiace za daladala, isipokuwa huku hakuna konda wa kuupiga kofi. Ukiufungua, ubavu mzima wa gari unabaki wazi, na kilichobaki kati ya mbwa wako na dunia ni wavu wa kukunjana, unaotembea juu ya kijireli chembamba sakafuni. Unashikiliwa na nyuzi. Nyuzi! Juu umekaza vizuri, chini unalegea, na pua ya mbwa iko chini. Ukiusukuma kwa kidole karibu na sakafu unaona unavyotoka relini bila ubishi. Mbu atazuiwa, hilo sibishi.

Ilikuwa kiangazi, jioni ya kwanza au ya pili, tukielekea Denmark kwa A7, barabara kuu ya mwendo kasi. Tukasimama kwenye kituo cha kupumzikia. Wanaosafiri huku wanajua: jua likishuka, vituo hivyo hujaa malori mpaka yanapaki pembezoni mwa njia za kuingilia na kutokea, maana madereva saa zao za kuendesha zimekwisha na nafasi hazitoshi. Niko jikoni nasonga ugali, joto kali, mlango wazi, wavu umefungwa kama tulivyofundishwa. Kashata amejilaza chini ya meza. Lori la jirani likaachia breki za upepo. Pshhh.

Sikumwona akipita. Niliuona wavu tu, umejikunja upande mmoja, nyuzi zinaning'inia nje. Mbwa yuko kati ya malori, na nyuma ya malori kuna barabara ambayo sehemu zake nyingi hazina hata kikomo cha mwendo. Hanesi anayo mwilini, sawa, lakini hanesi isiyoshikwa na mtu ni nguo tu.

Mume wangu alitaka kumkimbiza. Nikamdaka shati. Mbwa wa namna hii ukimkimbiza unamsogeza mbele, na mbele ilikuwa lami. Tukasimama pale, mimi na mwiko mkononi. Aliyetuokoa ni dereva mmoja mtu mzima, lori lake lina namba za Poland. Hakupiga kelele wala mluzi. Alichuchumaa, akampa Kashata ubavu badala ya uso, akaanza kumega soseji na kuiangusha chini kipande kipande, huku anatazama pembeni kabisa kana kwamba mbwa hamhusu. Ilichukua muda mrefu mpaka nikahisi miguu inakufa ganzi. Kashata akaja. Yule baba akaingiza vidole viwili kwenye mkanda wa mgongoni, basi. Tulimpa ugali na mchuzi wa samaki. Akala wote akaomba mwingine, na mpaka leo hakuna niliyemwombea dua nyingi kama yeye.

Sasa simu. Nilipiga asubuhi, nikiwa nimetulia, namhakikishia yeyote anayesoma. Akapokea kijana yule yule. Hakuuliza kama mbwa mzima. Aliuliza kama wavu mzima! Nilipomwambia umetoka relini, akashusha pumzi, akaniambia ule ni wavu wa mbu, siyo uzio, na kwamba mbwa aliyefunzwa hatoki mlangoni bila ruhusa. Nikamkumbusha maneno yake. Akasema hawezi kuwa ameyasema. Yaani mimi ndiye nimemsikia vibaya, mume wangu naye, ambaye ni Mjerumani wa kuzaliwa, kamsikia vibaya! Na tuliporudisha gari wakakata wavu kwenye dhamana yetu, kwa bei ambayo ningenunulia vyandarua vya mtaa mzima. Kwa hiyo ada ya mbwa nimelipa, ushauri wao nimefuata, na kilichoharibika kwa kufuata ushauri wao nimelipa pia. Nyota ngapi hapo? Nilikuwa nimeandika nne. Nazifuta. Moja.

Tulivyoishi na ule mlango baada ya hapo nitawaambia, maana kampuni haiwaambii. Viti vya nyuma vina vile vyuma vya Isofix vya kufungia kiti cha mtoto. Tulifunga hapo kamba fupi, upande wa pili kwenye hanesi, shingoni hapana, urefu wa kumwezesha kulala na kugeuka lakini asifike kizingitini. Mlango haukufunguliwa tena kabla ya kamba kuguswa na kuhakikishwa. Tukiondoka wote, kamba inafunguliwa, mlango unafungwa. Mbwa peke yake na kamba ni balaa jingine. Milango ya mbele nayo watu huisahau: ukishageuza viti vya mbele viangalie nyuma, mbwa anafika mlango wa dereva kwa hatua mbili, na ule hauna hata huo wavu wa uongo. Sisi tuliamua wa dereva haufunguki kabla hajaulizwa aliye nyuma.

Na msisahau mteremko. Gari likiwa limeinamisha pua, mlango wa kusukuma usiposhika kwenye ndoano yake ya nyuma unarudi wenyewe, na ni mzito. Mkia wa Kashata ulipona kwa sababu mume wangu aliweka goti lake. Goti lilivimba mpaka tukavuka mpaka.

Kinachonichekesha, kama kucheka ndiyo neno, ni kwamba sheria ya barabarani ya Ujerumani humhesabu mbwa kuwa mzigo, na mzigo lazima ufungwe gari likitembea. Kila mtu anajua hilo, hata kijana wa mapokezi alinisomea kwa kirefu. Gari likishasimama tu, mzigo unageuka kuwa mbwa ambaye alipaswa kufunzwa vizuri zaidi.

Jambo jingine, hili niliambiwa na daktari wa mifugo na si na wao: chipu anayowekwa mbwa chini ya ngozi ili akipotea atambulike, peke yake haitoshi. Ile ni namba tu, tarakimu 15, na isipoandikishwa kwenye daftari la wanyama wa nyumbani, kama la shirika la TASSO la Ujerumani, hakuna atakayejua ni ya nani. Kuandikisha ni bure, simu yao inapokelewa saa 24. Kashata tayari yumo. Mwenye mbwa afanye kabla ya kugusa ufunguo wa gari lolote.

Denmark yenyewe ilikuwa tamu, sitaki kudanganya. Fukweni mbwa lazima awe na kamba kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 30 Septemba, na kwa sisi hiyo ilikuwa nafuu, kwa sababu kila mtu kashika wake. Usiku mlango umefungwa, mvua inapiga bati la juu, mbwa kajikunja miguuni petu, mtu unaanza kuwasamehe watu hivi hivi. Hapo ningewapa tatu.

Halafu juzi wamenitumia ujumbe, wananiuliza kama ningeipendekeza kampuni yao kwa rafiki mwenye mbwa. Nimejibu: nyota mbili. Moja ya kitanda. Ya pili ni ya dereva wa Poland, naomba mumfikishie, ingawa wala si mfanyakazi wenu.