Klipu ya wakala, mechi ya tivii au simu jukwaani: ipi inakuonyesha beki alivyo?

Dirisha la usajili likikaribia, simu za viongozi wa timu za Dodoma na Singida hujaa klipu. Dakika tano, muziki juu, mshale mwekundu unamfuata beki wa kati kila anapokwenda. Kwa kukujulisha tu kwamba yupo kijana mahali fulani, klipu inatosha. Kwa kusajilia haifai, hata wakala awe mkweli kiasi gani, kwa sababu haigusi swali lenyewe: huyu beki anaingia kwenye mfumo wetu au atauvuruga?

Chukua ile takolingi ya kuteleza ambayo haikosekani. Mshambuliaji kapenya, beki anatokea nyuma yake, anateleza ndani ya kumi na nane, yaani eneo la hatari, mpira nje, jukwaa linalipuka. Klipu imeanza sekunde 2 kabla ya tukio. Ukipata mechi nzima na kurudi nyuma sekunde 8, habari inageuka. Kiungo wa wapinzani ana mpira, hakuna anayembana, kichwa kiko juu. Mpira ukiwa huru hivyo, mstari wa nyuma unatakiwa uwe umeanza kurudi kabla pasi haijapigwa. Mabeki wenzake watatu wamesharudi. Yeye kasimama, kifua kinatazama mpira, nyayo zote mbili sambamba. Pasi ikipita inabidi ageuke kwanza ndipo akimbie. Takolingi iliyoshangiliwa ni ya kufukia shimo alilolichimba mwenyewe.

Kuna mengine madogo. Muziki hufunika filimbi, kwa hiyo hujui kama mpira ule "alioupora" ulikuwa faulo. Mipira ya vichwa inayoonekana ni ile aliyoshinda tu. Kama kasi inakutia shaka, mwangalie mwamuzi: akikimbia kama anafukuzwa na nyuki, video imeharakishwa. Hesabu pia jezi na viwanja. Matukio ishirini yaliyookotwa kwenye misimu mitatu si sawa na ishirini ya mwezi mmoja. Klipu naipa alama 2 kati ya 5, na hiyo ya pili ni kwa ajili ya namba ya simu iliyoandikwa mwishoni.

Mechi nzima ya televisheni ni bora kwa mbali. Ligi Kuu inaonyeshwa na Azam TV, kwa hiyo beki wa huko unamwona na makosa yake yote, hakuna wa kuyakata. Kasoro ni kwamba kamera inafuata mpira. Timu yake ikishambulia, beki wa kati anatoka kwenye picha, na wakati huo ndio anapofanya kazi isiyoonekana: amepanda na wenzake au kabaki peke yake mita 20 nyuma akiwaweka washambuliaji wote huru wasiotee? Wyscout, huduma ya video za wachezaji iliyoanzia Italia mwaka 2004 na tangu 2019 iko chini ya kampuni ya Hudl, hukupangia matukio ya mchezaji kwa aina na kukuokolea saa nyingi. Lakini pale picha inapokuwa ni ile ile ya tivii, upofu unabaki ule ule.

Wamarekani kwenye NFL, ligi yao ya mpira wa Kimarekani, walishaliona hili. Wazuiaji wa mstari wa mbele hupimwa kwa kuzuia, si kwa kuchezea mpira, kwa hiyo makocha hutazama picha mbili: moja ya pembeni kutoka juu, yenye wachezaji wote 22, na nyingine ya nyuma ya goli inayoonyesha miguu na mikono. Na hawaishii kwenye "ni mzuri". Huuliza timu inazuia kwa eneo, ambako mwepesi wa miguu hung'ara, au kwa kumsukuma mtu moja kwa moja, ambako uzito huamua. Tyler Linderbaum, mzuiaji wa katikati kutoka Chuo Kikuu cha Iowa, alijadiliwa hivyo hivyo: miguu ya ajabu, lakini mikono mifupi na mwili mdogo kwa nafasi yake. Timu ya Baltimore Ravens ilimchukua wa 25 kwenye drafti ya 2022, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya.

Kwa bajeti ya timu ya ligi ya mkoa, inayobaki ni simu jukwaani, na hiyo ndiyo ninayoipa 4 kati ya 5. Pale uwanja wa Jamhuri, Dodoma, au mwingine wowote, panda juu kadiri unavyoruhusiwa, usawa wa mstari wa kati, jua likiwa mgongoni. Simu ilale, ifungwe kwenye stendi. Usifuate mpira, shika mabeki wote wanne, kipa na kiungo mkabaji ndani ya fremu moja, na usivute karibu. Ubora wa 1080p hula takriban megabaiti 60 hadi 130 kwa dakika kutegemea simu, maana yake dakika 90 zinaweza kufika GB 12. Futa picha za harusi mapema. Kipindi cha pili timu zikibadilishana magoli, hama nawe: kaa nyuma ya goli dakika 15, uone nafasi kati ya mabeki wawili wa kati na jinsi wanavyogeuka.

Ukishapata mechi tatu, mojawapo iwe waliyofungwa, soma kwa mfumo wako. Unakabia juu na mabeki wanne? Tazama hatua tano za kwanza na kama mwili wake unakaa upande upande, tayari kugeuka. Unacheza na mabeki watatu? Wa pembeni atavutwa hadi mstari wa nje, hana wa kumfunika; mtafutie matukio ya mmoja kwa mmoja kule, sio katikati. Unakaa chini na kusubiri? Hapo kasi si hoja sana, hoja ni mguso wa kwanza wa krosi na anakoupeleka mpira: nje ya kumi na nane pembeni, au katikati kwa kiungo wao. Na kama unakaba mtu kwa mtu, usimtazame yeye anapomfuata namba 9 hadi katikati; tazama nani anaziba alikotoka.

Upande wa kushoto una kesi yake. Tangu 2019 mpira wa goli, ule wa kuanzishia golini, unaweza kupokelewa ndani ya eneo la hatari, kwa hiyo beki wa kati anapokea akiwa na mshambuliaji mita chache mbele yake. Anayetumia mguu wa kulia akiwa kushoto huurudisha mpira ndani, kwenye presha. Anaweza kuwa beki mzuri sana na bado asikufae.

Kwa Dodoma ongeza upepo. Mpira mrefu unaopigwa dhidi ya upepo wa Juni hadi Septemba husimama hewani. Beki aliyezoea kuruka mapema unampita au unamwangukia begani. Mechi moja ya majaribio mchana inaonyesha hilo kuliko klipu kumi.

Simu haikupi sauti ya beki kuwapanga wenzake, ndiyo maana sikuipa 5. Na kabla hujabonyeza kurekodi, iweke kwenye hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga dakika ya 60 kuuliza matokeo na video itakatika hapo hapo.